Bango la chaguo kwenye Hisabati: mtoto achague njia, lengo apange mwalimu

Swali la msomaji: Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu, wanafunzi 72, madawati 24. Tumeshamaliza kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa namba ya tarakimu moja, lakini karibu nusu ya darasa bado wanakosea. Mwezi uliopita nilijaribu bango lenye visanduku tisa ili kila mtoto achague kazi anayoipenda. Wengi walikimbilia "chora picha" na "tunga wimbo", wachache wakafanya hesabu. Kelele zikazidi, kusahihisha nikashindwa, na mwalimu mkuu akaniambia hiyo ni michezo. Je, njia hii inafaa kwa darasa kama langu au niachane nayo?

Jibu: Usiachane nayo, Mwalimu. Matatizo uliyoyataja karibu yote yana chanzo kimoja, nacho kinarekebishika hata kama wanafunzi watabaki 72.

Kwanza jina, maana darasani litakusumbua. Wapo wanaoliita ubao wa chaguo, wapo wanaoliita jedwali la chaguo. Kwa mtoto wa Darasa la Tatu ubao ni ule wa chaki, na jedwali ni la kuzidisha. Ukimwambia "nenda kwenye jedwali uchague", atatazama tebo iliyobandikwa ukutani. Sema bango la chaguo, na usibadilishe jina mwaka mzima.

Mambo yaliharibikia wapi

Bango lako lilikuwa na kazi tisa zenye malengo tofauti. Mtoto aliyechora picha hakukwepa kazi, alifanya kile ulichomruhusu. Kabla ya kubandika bango lolote, soma kisanduku kimoja kimoja ukijiuliza: mtoto akimaliza hiki, atakuwa amezidisha mara ngapi? Ukikosa jibu, au jibu likiwa "hata mara moja", kitoe. Wimbo wa tebo ni mzuri kwa kukariri, lakini mahali pake ni dakika tatu za kufungulia kipindi. Kwenye bango linalofundisha kubeba makumi hauna kazi.

Mtoto anachagua njia ya kufikia lengo, na lengo lenyewe ni moja kwa wote. Liandike juu kabisa ya bango kwa sentensi moja: *Nizidishe namba ya tarakimu mbili kwa namba ya tarakimu moja, na nieleze makumi yaliyobebwa yametoka wapi.* Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo yenye uzito. Watoto wengi wanaokosea 27 × 3 wanajua 3 × 7 na wanajua 3 × 2. Wanachokosa ni kujua lile 2 la 21 liende wapi na kwa nini.

Na tisa ni nyingi mno kwa kuanzia. Mtoto ambaye hajazoea kuchagua, ukimpa vitu tisa, atatumia dakika kumi kusoma na kubadilisha mawazo, kisha atafuata alichochukua rafiki yake. Sita vinatosha, vikipangwa kwenye mistari mitatu yenye visanduku viwili viwili. Sharti ni hili: kila mtoto afanye kimoja katika kila mstari. Hapo ndipo penye dawa ya wale wanaokimbilia rahisi. Kwenye kila mstari anachagua kati ya viwili vyenye uzito sawa, na mstari wenyewe haurukwi.

Mistari hiyo inafuata wazo la Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hulishika jambo kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Kwa darasa lako tuite Shika, Chora, Andika.

Bango lenyewe

SHIKA
A. Njiti: mafungu 4, kila fungu njiti 13. Jumla?
B. Komwe: mashimo 3, kila shimo komwe 14. Jumla?

CHORA
C. Mstatili: 17 × 5
D. Mstari wa namba: 18 × 4

ANDIKA
E. Kokotoa: 23 × 3, 15 × 6, 28 × 3, 47 × 2, 38 × 2, 19 × 5
F. Tafuta kosa, sahihisha, eleza: 27 × 3 = 621; 36 × 2 = 62; 14 × 6 = 184

Maelekezo yasizidi maneno kumi na mbili kwa kisanduku, ukiacha hesabu zenyewe. Mtoto anayesoma kwa kusitasita ataepuka kisanduku chenye maneno mengi hata kama hesabu yake anaiweza, nawe utadhani amekwepa hesabu. Maelezo mengine yote yatoe kwa mdomo, siku moja kabla.

*Kisanduku A* ndicho kinachofundisha kuliko vyote, kwa hiyo kiandae vizuri. Dawati hupewa njiti 52: vifungu vinne vya njiti kumi kumi vilivyofungwa, njiti 12 zisizofungwa, na mpira mmoja wa ziada wa kufungia. Watoto wanapanga mafungu manne, kila fungu kifungu kimoja na njiti tatu. Kisha wanayaunganisha: vifungu upande huu, njiti zisizofungwa upande ule. Sasa wana vifungu 4 na njiti 12. Hapo wengi watataka kuandika 412. Waache waandike, halafu uliza: "Mezani pana njiti mia nne?" Wataona wenyewe kwamba haiwezekani. Wahesabu njiti kumi kati ya zile 12, wazifunge kwa ule mpira wa ziada, wakisogeze kifungu hicho kwa wenzake. Vifungu vinakuwa 5, zinabaki njiti 2. Kile kifungu kipya ndicho kile ki-1 kidogo tunachoandika juu ya makumi tunapobeba. Bila ule mpira wa ziada kazi yote inapotea, kwa sababu mtoto hana cha kumlazimisha abadilishe mamoja kumi kuwa kumi moja. Kagua kila seti uhakikishe mpira upo.

*Kisanduku B* kinafika mahali pale pale kwa njia nyingine. Mtoto anatoa komwe kumi katika kila shimo na kuziweka rundo rundo: makumi matatu, yaani 30. Mashimoni zimebaki nne nne, jumla 12, ambazo zinatoa kumi jingine na mbili. Jibu 42. Bao moja la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo bao la mtaani likiazimwa linahudumia dawati moja na kete zinabaki. Pasipo na bao, chora duara tatu sakafuni kwa chaki utumie kokoto. Kwa A na B, katazo ni moja: kusiwe na kuhesabu moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Anayefanya hivyo amehesabu, hajazidisha, na atapata jibu sahihi bila kujifunza lolote jipya.

*Kisanduku C:* kosa la kawaida ni mtoto kuchora vijiraba 85, kimoja kimoja, mpaka muda unakwisha. Onyesha mapema kwamba mstatili unachorwa mtupu, upande mmoja 5 na mwingine 17, kisha unakatwa kwa mstari mmoja kuwa sehemu ya 10 na sehemu ya 7. Ndani anaandika 50 na 35, chini anaandika 85. Vipimo visimsumbue, umbo la mkono tu linatosha.

*Kisanduku D:* miruko minne ya kumi hadi 40, halafu miruko minne ya nane: 48, 56, 64, 72. Wapo watakaoanzia kwenye 1 badala ya 0, na majibu yao yote yatazidi kwa moja. Ukiona 73 mahali pengi, sababu ni hiyo. Akitokea mtoto akaruka 18, 36, 54, 72 moja kwa moja, mkubalie. Amezidisha vizuri, na huenda ni mmoja wa wale wanaofaa kupelekwa F.

*Kisanduku E* hakina maelezo marefu. Swali la kwanza, 23 × 3, halina kubeba, limewekwa ili mtoto aanze kwa kupata. Majibu ni 69, 90, 84, 94, 76 na 95.

*Kisanduku F* kinaonekana kidogo lakini ni kizito sawa na E, kwa sababu kila kosa lina sababu yake. Kwenye 621, mtoto aliandika 21 yote chini, kisha 6 mbele yake, hakubeba. Kwenye 62, alizidisha 6 mara 2 akapata 12, akaandika 2, na ile kumi moja akaisahau. Kwenye 184, alibeba 2 kutoka kwenye 24, lakini akaijumlisha na 1 kabla ya kuzidisha: 3 mara 6 ni 18. Majibu sahihi ni 81, 72 na 84. Wape mwanzo wa sentensi, "Kosa ni kwamba…", la sivyo wataandika "amekosea" na kufunga daftari. Angalia pia kwamba hesabu za F hazirudiwi kwenye E. Zikirudiwa, aliye E ataonyeshwa jibu na jirani aliye F.

Vifaa, kwa idadi

Ukijaribu kutoa njiti kwa madawati 24 kwa wakati mmoja utahitaji njiti zaidi ya elfu moja. Usifanye hivyo. Nusu ya madawati, yaani 12, yaanze na Shika wakati 12 mengine yanaanza na Chora, kisha yabadilishane. Kwa mpango huo unahitaji seti 6 za njiti na seti 6 za komwe tu:

Njiti 52 × 6 = 312. Fagio za chelewa zinatosha. Kata vipande vya urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, na ncha zote uzikate butu. Mipira ya kufungia, mitano kwa seti, jumla 30. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipete vyembamba hudumu kuliko mipira ya dukani. Komwe au kokoto 42 × 6 = 252. Kila seti iwe na kopo au mfuko wake wenye namba, na idadi iandikwe juu: "njiti 52, mipira 5". Dawati linahesabu linapopokea na linahesabu linaporudisha. Kuhesabu huko nako ni Hisabati, na bila kufanya hivyo kufikia wiki ya tatu seti zote zitakuwa na njiti arobaini na kitu, na kisanduku A hakitafanya kazi tena.

Bango lichore kwenye manila, au upande wa ndani wa mfuko wa saruji uliofunguliwa na kupanguswa vizuri. Vichwa vya mistari na herufi A hadi F andika kwa kalamu ya maki na uviache vya kudumu. Namba za hesabu andika kwenye vikaratasi unavyobandika na kubandua. Fremu ibaki ile ile muhula wote, zibadilike namba tu. Watoto wakishajua "C ni mstatili", hutaeleza tena, na dakika unazopoteza wiki ya kwanza zinarudi. Walimu wengi hubuni bango jipya kila wiki, na wengi huchoka kabla muhula haujaisha kwa sababu hiyo hiyo.

Ukimaliza kuandika, simama nyuma ya dawati la mwisho usome. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, akiwemo mwenye ualbino ambaye macho yake hayapendi mwanga mkali, mpe nakala yake ya hesabu kwenye karatasi kwa maandishi makubwa, na asikae anakoangaliana na dirisha.

Namna ya kuchagua bila vurugu

Kwa Shika, dawati zima la watoto watatu linachagua pamoja, kwa sababu vifaa ni vya dawati. Andaa kadi 6 za A na 6 za B. Dawati likifika mbele linachukua kadi. Za A zikiisha, waliobaki wanakwenda B. Mwambie mtoto ukweli kwamba nafasi zimejaa na wiki ijayo atatangulia, kisha utimize: wiki hii mstari wa dirishani unachagua kwanza, wiki ijayo mstari wa mlangoni. Watoto wanakumbuka zamu kuliko mwalimu, kwa hiyo iandike.

Kwa Chora na Andika kila mtoto anachagua mwenyewe. Aandike herufi yake kwenye daftari kabla ya ruhusa ya kuzungumza. Dakika moja ya kimya inatosha. Ukiwaacha wachague huku wanaongea, dawati zima litafuata mmoja.

Muda

Panga vipindi viwili vya dakika 40, siku mbili zinazofuatana au vikiwa vimeungana.

Kipindi cha kwanza: dakika 6 za kueleza na kugawa, 14 za zamu ya kwanza, 14 baada ya madawati kubadilishana, 6 za kuhesabu na kurudisha vifaa. Kipindi cha pili: dakika 4 za kuchagua kati ya E na F, 20 za kazi, 8 za swali la kutokea (swali moja la mwisho ambalo kila mtoto analijibu peke yake), 8 za kujadili E na F kwa pamoja.

Kelele za Shika zitakuwepo, na hazina ubaya. Njiti zinatoa sauti, watoto wanabishana kama ni 412 au 52, na ubishi huo ndio ulioutaka. Kelele za kutafutwa dawa ni za watoto wanaokuita "mwalimu, ni hivi?" kila dakika. Dawa yake ni bahasha ya majibu ya A hadi D kwa kiranja wa kila mstari wa madawati. Mtoto anaonyesha mpangilio au mchoro wake kwanza, ndipo anaonyeshwa jibu. Hapo hakuna cha kunakili kwa kuwa kinachotakiwa ni mchoro. Majibu ya E na F usiyaweke kwenye bahasha.

Wewe mwenyewe usizunguke darasa zima. Chagua watoto 6 hadi 8 ambao tayari unajua wana shida, kaa nao dakika 10 kwenye zamu yao ya njiti, ufanye nao 13 × 4 taratibu. Bango limekununulia dakika hizo kumi, na pengine ndiyo faida yake kubwa kwa darasa la watoto 72: wengine wote wana kazi wanayoweza kuifanya bila wewe.

Anayemaliza mapema asipewe hesabu sita zaidi za aina ile ile. Atajifunza kuchelewa makusudi. Mpe hii: "Jibu ni 96. Tafuta namba za tarakimu mbili na tarakimu moja zinazozidishwa kulipata. Ziko ngapi?" Ukiacha 96 × 1, ziko tano: 48 × 2, 32 × 3, 24 × 4, 16 × 6 na 12 × 8. Kuzipata zote na kuthibitisha kwamba hakuna ya sita ni kazi ya kumkalisha hata yule mwepesi zaidi darasani. Akizipata, atunge fumbo moja lenye jibu hilo.

Jedwali la kuzidisha libaki ukutani muda wote, hata wakati wa swali la kutokea. Unachopima siku hiyo ni kubeba. Ukilifunika, mtoto atakayekosa hutajua amekosa kwa sababu ya kubeba au kwa sababu hajui 7 × 6.

Swali la kutokea, na namna ya kusahihisha karatasi 72

Ulishindwa kusahihisha kwa sababu ulikuwa na kazi za aina tisa. Sasa utasahihisha moja tu. Kila mtoto, awe alichagua E au F, anapewa robo ya ukurasa wa daftari (kurasa 18 zinatosha darasa zima) na kujibu peke yake, kimya:

*Kreti moja ya soda ina chupa 24. Duka lina kreti 3 zilizojaa. Kuna chupa ngapi? Onyesha njia.*

Usiandike vema wala mkasi kwanza. Panga karatasi mafungu kwa kuangalia jibu, kwa sababu hesabu hii imechaguliwa ili kila kosa litoe namba yake.

72: amepata. Tupia jicho njia yake, endelea.

62: amesahau kujumlisha kumi iliyobebwa. Kesho yake mrudishe kwenye mstatili. Pale sehemu mbili zinaonekana, na kuacha moja bila kuijumlisha ni vigumu.

612: ameandika 12 yote chini na 6 mbele yake. Huyu hajaelewa thamani ya nafasi, na hesabu nyingi za maandishi hazitamsaidia. Arudi kwenye njiti, afunge kumi kwa mkono wake.

92: amejumlisha kilichobebwa kabla ya kuzidisha. Anaijua kanuni nusu. Mwache aandike kwa kupanua kwa wiki moja, 60 + 12 = 72, bila kubeba kabisa, ndipo umrudishe kwenye njia fupi.

27: amejumlisha 24 na 3. Shida iko kwenye fumbo. Mwambie achore kreti tatu, aandike 24 juu ya kila moja, kisha aseme kwa maneno yake kinachoulizwa.

Mengine, mfano 71, mara nyingi ni tebo: amesema 3 × 4 ni 11. Hao wanahitaji mazoezi mafupi ya tebo kila asubuhi, na kubeba wanakujua.

Kila fungu lina tiba yake, na kipindi kinachofuata unawapanga watoto kwa mafungu hayo. Siku hiyo hakuna kuchagua. Kuchagua ni kwa mazoezi. Mtoto mwenye kosa linalojulikana anastahili kufundishwa moja kwa moja.

Kwenye daftari lako la kumbukumbu, mbele ya kila jina weka herufi tatu alizochagua na jibu la kutokea, kwa mfano *A D E, 62*. Baada ya wiki tatu au nne soma kwenda chini. Anayechagua E kila mara na kupata yote, mwombe kwa upole ajaribu F mara moja. Wengi wa aina hii wanakokotoa kwa kasi lakini hawawezi kusema kwa nini, na pengo hilo litawaumiza wakifika kwenye mafumbo marefu ya Darasa la Nne na la Tano. Kinyume chake, anayechagua F kila wiki na kuandika maelezo mazuri, hakikisha anaweza pia kumaliza hesabu sita ndani ya muda.

Lini usilitumie

Mada ikiwa mpya, fundisha kwanza. Mtoto hawezi kuchagua kati ya mstatili na mstari wa namba kama hajawahi kuonyeshwa vyote viwili, kwa hiyo bango liingie baada ya vipindi vitatu au vinne vya kufundishwa. Mara moja kwa wiki, au mara moja mwishoni mwa mada, panatosha. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili weka machaguo mawili tu kwa jumla. Na watoto wakishafika Darasa la Nne na Upimaji wa Kitaifa ukikaribia, mstari wa Andika uongezewe muda, maana kwenye chumba cha mtihani njiti hazipo.

Mada nyingine zinaingia kwenye fremu hiyo hiyo. Kugawanya kwa kubakiza kunafaa sana, kwa sababu njiti zinazobaki zinaonekana mezani. Sehemu pia: kukunja ukanda wa karatasi kuwa sehemu nne sawa kwenye Shika, kutia rangi mstatili kwenye Chora, kulinganisha 1/4 na 1/3 kwenye Andika. Vipimo vya urefu vinahitaji nafasi ya nje, na kwa darasa la 72 ni vyema uvifundishe kwa njia nyingine.

Kuhusu mwalimu mkuu, usimwalike kwenye Shika. Atakuta watoto wanafunga njiti na kupanga komwe, na atathibitisha alichokwisha kusema. Mwonyeshe andalio la somo lenye lile lengo moja, kisha mwombe aje dakika 16 za mwisho za kipindi cha pili. Atakuta darasa kimya, kila mtoto na karatasi yake, halafu mjadala wa kwa nini 621 haiwezi kuwa jibu la 27 × 3. Watoto wakitoka, mpe yale mafungu ya karatasi mkononi: hawa wamepata, hawa wanasahau kilichobebwa, hawa hawana thamani ya nafasi, na haya ndiyo nitakayoyafanya kesho na kila fungu.